Maradhi ya Babu Hupita kwa Mama: Tezi Dume na Nasaba Zetu

Katika nyumba nyingi za pwani yetu, mwenye kuihifadhi nasaba si mwanamume. Ikija posa, wanaume hukaa barazani wakatajiana majina ya mababu, lakini neno la mwisho hutoka ndani. Ni bibi ndiye ajuaye kwamba binti huyu alinyonyeshwa na mama fulani siku mamake alipokuwa mgonjwa, kwa hivyo yule kijana ni nduguye wa kunyonya na ndoa haisihi. Ni yeye ajuaye nani alihamia Lamu, nani alizaliwa na mke wa pili, na nani alifariki kabla ya siku ya saba. Elimu hiyo haikuandikwa popote, nayo ni sahihi kuliko madaftari mengi.

Muulizeni bibi huyo jambo jingine moja: babu alikufa kwa maradhi gani? Aghalabu mtajibiwa kwamba ni uzee. Au kwamba mkojo ulimfunga. Au kwamba alikuwa na mshipa. Au kwamba mgongo ulimsumbua mwaka mzima hata akashindwa kusimama, kisha Mola akamchukua. Hatusemi haya kwa kuwalaumu wazee wetu. Wengine hawakuambiwa kitu na daktari, na walioambiwa waliona haya kusema, kwa kuwa maradhi yenyewe yako mahali pasipotajwa mbele ya watoto. Ila majibu hayo mafupi, hasa lile la mkojo likifuatwa na lile la mgongo, huenda yanaeleza saratani ya tezi dume ambayo haikupata kuitwa kwa jina lake.

Makala haya tumewakusudia akina mama kwanza, na tuna sababu. Tezi dume ni kiungo cha wanaume peke yao. Lakini kile kinachoongeza hatari ya saratani yake, mwanamke aweza kukipokea kwa babake, akakibeba maisha yake yote bila ya kujua, kisha akamrithisha mwanawe. Na kitu hicho hicho, kikiwa ndani ya mwili wake yeye, chaweza kumletea saratani ya matiti. Familia inayoihesabu saratani ya shangazi kuwa habari ya wanawake, na ya ami kuwa habari ya wanaume, huenda inatazama ncha mbili za kamba moja.

Tezi hii ni ndogo, kadiri ya ndimu. Iko chini ya kibofu na imeuzunguka mrija wa mkojo pale unapotoka kibofuni, na kazi yake ni kutoa sehemu ya majimaji yanayobeba mbegu za uzazi. Mwanamume anapozidi umri tezi hukua. Kukua huko, ambako ndiko kunakowaamsha wazee usiku mara tatu nne kwenda msalani, si saratani wala hakugeuki kuwa saratani. Saratani ni jambo jingine. Aghalabu huanzia upande wa nje wa tezi, mbali na mrija, kwa hivyo mtu hukaa miaka asihisi lolote. Ikishatoka mahali pake hupenda kukimbilia mifupani, hasa uti wa mgongo na nyonga, na wengi wa wazee wetu huenda hospitali kwa mara ya kwanza wakiwa wamefikia hapo.

Mwaka 2020 wanaume wapatao milioni 1.4 duniani waligunduliwa kuwa na saratani hii. Jopo la wataalamu lililokusanywa na jarida la kitabibu la The Lancet lilikadiria, mwaka 2024, kwamba idadi hiyo itafika milioni 2.9 kwa mwaka ifikapo 2040. Hapa Kenya ndiyo inayoongoza miongoni mwa saratani za wanaume. Na huko Marekani, ambako hesabu za watu huwekwa kwa uangalifu, wanaume weusi hufa kwa maradhi haya takriban mara mbili ya wenzao weupe. Sehemu ya tofauti hiyo ni umaskini na kuchelewa kutibiwa. Sehemu nyingine imo katika damu.

Mapacha wa kaskazini

Mtu mwenye akili atauliza: mwajuaje kwamba ni urithi? Watu wa nyumba moja hula chungu kimoja, huvuta moshi mmoja, hunywa kisima kimoja. Baba na mwana wakiugua ugonjwa mmoja, huenda ni chakula tu.

Swali hilo wataalamu walilijibu kwa kuwatazama mapacha. Mapacha wanaofanana kabisa hutokana na yai moja, na urithi wao ni mmoja. Mapacha wasiofanana hulelewa pamoja vilevile na hula chungu kimoja, lakini urithi wao hushirikiana nusu tu, kama ndugu wengine wa baba na mama. Basi ikiwa ugonjwa huwapata pamoja wale wa kwanza zaidi ya wale wa pili, ziada hiyo haiwezi kuwa ya chungu. Mwaka 2000 watafiti wa Sweden, Denmark na Finland, nchi ambazo kila mzaliwa na kila mgonjwa wa saratani huandikwa, walichapisha hesabu za jozi 44,788 za mapacha. Walikuta kwamba asilimia 42 ya tofauti za watu katika kupatwa na saratani ya tezi dume yaelezwa na urithi. Hesabu ilirudiwa mwaka 2016 kwa watu zaidi ya laki mbili, na Norway ikiwemo, ikapanda hadi asilimia 57. Saratani ya matiti, ambayo sote tumezoea kusikia kwamba huenda na ukoo, ilipata 31.

Tahadhari iko hapa. Asilimia 57 haina maana kwamba mwana wa mgonjwa ana uwezekano wa 57 katika mia wa kuugua, wala kwamba kila mgonjwa amerithi zaidi ya nusu ya ugonjwa wake. Ni kipimo cha umati, si cha mtu. Tena mazingira yana fungu lake: Wajapani waliohamia Hawaii na Marekani bara walionekana kupatwa na saratani hii zaidi ya ndugu zao waliobaki Japani, na damu yao haikubadilika njiani. Kwa mtu mmoja mmoja, kipimo kilicho karibu zaidi ni hiki: mwanamume ambaye babake au nduguye wa damu aliugua, hatari yake ni takriban maradufu ya mwingine, ya ndugu ni nzito kuliko ya baba, na wakiwa wawili au watatu, au walipougua wakiwa bado vijana, huzidi hapo.

Kwa wasomaji wa dini, fikra ya urithi uliojificha si ngeni. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Abu Hurayra kisa cha mtu wa Bani Fazara aliyemjia Mtume, S.A.W., kwa shaka, kwa kuwa mkewe alizaa mtoto mweusi. Mtume alimwuliza juu ya ngamia wake. Walikuwa wekundu. Je, hakuna hata mmoja wa kijivu kati yao? Wako. Wametoka wapi? Yule mtu akakiri kwamba huenda ni mshipa wa asili uliowavuta, na Mtume akamjulisha kwamba mwanawe pia huenda ni hivyo hivyo. Hatudai kwamba kisa hiki ni somo la tiba. Kilikuja kulinda heshima ya mke na nasaba ya mtoto. Lakini mfugaji yule wa jangwani alijua kile ambacho wengi wetu mjini tumekisahau, kwamba jambo laweza kulala vizazi viwili likaamka katika cha tatu.

Mshipa huo leo waitwa jeni. (Kwa e, tafadhali. Tumeshaulizwa katika darsa ni kisomo gani huziondoa jeni mbaya, na swali lilitoka kwa mtu mwenye nia njema kabisa.) Ndani ya kila chembe ya mwili mna maandishi ya herufi kama bilioni tatu, yaitwayo DNA, na humo mna jeni zipatazo elfu ishirini, kila moja ikiwa ni maelekezo ya kutengeneza kitu fulani mwilini. Kila mtu ana nakala mbili za takriban kila jeni, moja ya mama na moja ya baba. Watu wawili wowote hulingana katika herufi nyingi mno na kutofautiana katika chache. Nyingi katika tofauti hizo hazina madhara. Nyingine hutupa rangi ya macho na urefu wa kimo. Na chache hulegeza kinga fulani iliyokuwa ikizuia saratani.

Fundi wa kalafati

Tofauti za namna ya kwanza ni adimu na zina nguvu. Iliyo mashuhuri ni ile ya jeni iitwayo BRCA2, iliyoko katika kromosomu ya 13, ambayo maandishi yake yalisomwa mara ya kwanza mwaka 1995. Herufi za jina lake zimetokana na saratani ya matiti, kwa sababu ilitafutwa katika familia ambazo wanawake wake waliugua kizazi baada ya kizazi. Sisi twaona jina hilo limeleta hasara. Mwanamume akisikia jeni ya saratani ya matiti hujiona hahusiki, ilhali anayo kama dada yake.

Kazi ya jeni hii twaweza kuifananisha na ya fundi wa kalafati. Jahazi likitembea baharini, maungo ya mbao hulegea na maji hupenya. Fundi huja na pamba na mafuta akaziba kabla tundu halijawa kubwa. DNA nayo hukatika kila siku ndani ya mwili kwa sababu nyingi, na BRCA2 ni katika mafundi wanaounga pale uzi wake ulipokatika pande zote mbili. Mtu aliyezaliwa na nakala moja mbovu hana shida mara moja, kwa kuwa anayo ya pili inayofanya kazi. Lakini ikitokea katika chembe moja ya tezi au ya titi kwamba nakala ile ya pili nayo imeharibika, chembe hiyo imebaki bila fundi. Makosa hulundikana, na saratani hupata mlango.

Kwa mwanamume mwenye nakala mbovu ya BRCA2, hatari ya saratani ya tezi dume huongezeka mara kadhaa, na kinachotisha zaidi ni kwamba humjia mapema na kwa ukali kuliko ile ya kawaida ya wazee. Yeye pia, kwa nadra, aweza kupata saratani ya titi. Kwa mwanamke, uchunguzi mkubwa wa familia uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria kwamba mbebaji wa BRCA2 mbovu ana uwezekano wa asilimia 69 wa kupata saratani ya matiti kabla ya kufika miaka 80, na asilimia 17 wa saratani ya ovari.

Sasa tuchukue mfano, nao ni wa kufikirika. Mzee amekufa na miaka 58 kwa saratani ya tezi dume. Ameacha mabinti watatu na hana mwana wa kiume. Jamaa wasema: basi, ugonjwa umezikwa naye. Sivyo. Ikiwa alikuwa na nakala mbovu, kila binti alikuwa na uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuipokea, sawasawa na kama angekuwa mwana wa kiume. Binti wa kwanza hakuipokea, na watoto wake wamesalimika kwa upande huo. Wa pili ameipokea na amepata saratani ya titi akiwa na miaka 41. Majirani wamesema ni kijicho. Wa tatu ameipokea pia, lakini kwa rehema ya Mungu hakuugua kamwe, na leo ana wana wawili wa kiume waliokaribia miaka arobaini. Vijana hawa wamchunguza baba yao, wakaona ni mzima, na baba wa baba yao alikufa na miaka 90 shambani kwake. Wametulia. Hakuna aliyewaambia watazame upande wa mama.

Ndiyo maana twasema kwamba swali la daktari, je, kuna aliyeugua katika familia yenu, halijibiwi kwa kumtaja baba tu. Hujibiwa kwa kuwataja baba wa mama, wajomba, mama wadogo na wakubwa, na mashangazi, na kwa kutaja saratani ya matiti, ya ovari na ya kongosho pamoja na ya tezi dume, kwa sababu zote hizo zaweza kutoka katika jeni moja. Ndugu wa kunyonya hawaingii katika hesabu hii. Maziwa huharimisha ndoa, lakini hayapitishi jeni.

Ziko jeni nyingine za namna hii. HOXB13, kwa mfano, ilitangazwa mwaka 2012. Badiliko lake moja hupatikana kwa watu wa kaskazini ya Ulaya, na jingine likaja kuonekana kwa wanaume wenye asili ya Afrika Magharibi. Jeni moja, na kila kabila la watu lina kosa lake.

Mengi madogo

Namna ya pili ya tofauti ni kinyume cha ile ya kwanza. Ni za kawaida, kila mmoja wetu anazo kadhaa, na moja peke yake karibu haina uzito. Uzito huja zinapokusanyika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023, uliowahusisha wagonjwa zaidi ya 156,000 na watu wengine wengi zaidi wasiougua, wa asili za Ulaya, Afrika, Asia na Marekani ya Kilatini, ulizihesabu tofauti hizo kuwa 451. Mtu akipimwa mate yake huweza kupewa jumla ya tofauti alizonazo, na jumla hiyo ikaonyesha yuko wapi kati ya wenzake.

Huko Uingereza jambo hili limejaribiwa kwa vitendo. Watafiti wa London, katika matokeo yaliyotoka mwaka 2025, waliwapima mate wanaume zaidi ya elfu sita wenye umri wa miaka 55 hadi 69. Wale waliokuwa katika fungu la juu, kumi katika kila mia, waliitwa kupigwa picha ya MRI na kuchukuliwa vinyofu vya tezi. Waliokubali ni 468, na 187 kati yao walikutwa na saratani; wengi wao kipimo cha kawaida cha damu kisingewatilia shaka. Ni hesabu ya kustaajabisha. Ila wanaume hao wote walikuwa wa asili ya Ulaya, na hapo sisi watu wa pwani inatupasa tusimame kidogo.

Kipimo kilichotengenezwa kwa damu ya watu fulani hakikai sawa kwa wengine, kama kanzu iliyokatwa kwa kimo cha jirani. Katika kromosomu ya 8 liko eneo ambalo wataalamu wa Iceland na wa Marekani walilitambua mwaka 2006 kuwa lina uhusiano na maradhi haya. Ndani ya eneo hilo imepatikana tofauti moja iliyo kwa watu wenye asili ya Afrika, isiyoonekana kwa Wazungu wala kwa watu wa Asia, nayo huongeza hatari takriban maradufu. Anayewapima Wazungu peke yao hataiona hata akiwapima milioni kumi. Kuonekana kwake kumetokana na kuwachunguza watu weusi wa Marekani na Waafrika wenyewe, wakiwemo wagonjwa wa hospitali ya Mulago, Kampala, ambao walikubali damu yao ichunguzwe. Tunawaombea kheri, wamewasaidia watu wasiowajua.

Nasi wa pwani je? Mwaka 2023 ilichapishwa kazi ya wataalamu waliosoma DNA ya watu 80 waliozikwa baina ya mwaka 1250 na 1800 huko Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa, Songo Mnara na sehemu nyinginezo. Walikuta kwamba kwa wengi wao zaidi ya nusu ya urithi ulitoka Afrika, hasa kwa upande wa akina mama, na fungu kubwa lililobaki lilitoka Asia, aghalabu kwa wanaume wa Uajemi, na mchanganyiko ulianza yapata mwaka 1000. Wenye kubishana barazani juu ya asili zetu wataendelea kubishana. Lililo muhimu kwa daktari ni kwamba mtu wa hapa huweza kuwa na kipande cha kromosomu kutoka bara na kingine kutoka ng'ambo ya bahari, ndani ya kifua kimoja. Jedwali la London halimfai, wala la Kampala halimtoshi.

Hasara nyingine hutokea katika kupima jeni zenye nguvu kama BRCA2. Maabara ikikuta herufi iliyobadilika, hutazama kumbukumbu za watu waliopimwa zamani ili ijue kama badiliko hilo ni la madhara au si la madhara. Kumbukumbu hizo zimejaa Wazungu. Kwa hivyo Mwafrika hupata mara nyingi zaidi jibu la tatu, kwamba badiliko lipo na maana yake haijulikani. Jibu hilo si saratani wala si salama, na haifai kumkata mtu titi au tezi kwa ajili yake. Mwenye kupewa jibu kama hilo alihifadhi, kwa sababu maana yake huenda ikajulikana baada ya miaka kadhaa.

Yanayowezekana leo

Kipimo cha jeni hakipatikani kila hospitali na gharama yake si ya kila mtu. Kuuliza na kuandika hakugharimu kitu, na ndiyo hatua ya kwanza ambayo daktari mwenyewe angeianza. Andikeni jina la kila mzazi, ndugu wa mzazi na babu, pande zote mbili. Kama aliugua saratani, ni ya kiungo gani. Na alikuwa na umri gani ilipogunduliwa, kwa kuwa umri wa kugunduliwa ndio unaomwambia daktari mengi kuliko umri wa kufa. Tezi dume katika miaka 80 ni habari ya kawaida. Katika miaka 55 ni habari nyingine kabisa.

Kwa wanaume, kipimo cha kuanzia ni cha damu, kiitwacho PSA. Chama cha saratani cha Marekani hushauri mazungumzo juu ya kipimo hicho yaanze katika miaka 50 kwa mtu wa kawaida, 45 kwa mtu mweusi au aliye na baba au ndugu aliyeugua kabla ya miaka 65, na 40 kwa aliye na jamaa wa karibu zaidi ya mmoja walioanza mapema. Tumesema mazungumzo kwa makusudi. PSA hupanda kwa saratani, na hupanda pia kwa tezi iliyokua tu au iliyoingiwa na vijidudu. Tena ziko saratani za tezi zinazotambaa polepole kiasi kwamba mzee angekufa kwa jambo jingine bila ya kuzijua, na kuzifukuza kwa kisu humwachia udhaifu wa mkojo na wa unyumba. Kwa hivyo namba iliyopanda ni mwanzo wa uchunguzi tu. Hata hivyo, kwa mwenye BRCA2 mbovu mizani hubadilika, kwa kuwa saratani yake si ya kutambaa.

Wanaume wengi hukimbia kwa kuogopa kipimo cha kidole. Hukimu yake katika fiqhi haina utata: haja ya tiba huruhusu tabibu kutazama na kugusa kwa kadiri ya haja hiyo, na ni bora mwanamume atibiwe na mwanamume akipatikana. Na siku hizi hatua ya kwanza ni damu ya mkononi. Mke anaweza kumwambia mumewe hili kwa maneno ambayo sisi juu ya mimbari hatuyawezi.

Kuijua jeni kuna faida hata kwa aliyekwisha kuugua. Mwaka 2020 Marekani iliidhinisha vidonge viitwavyo olaparib kwa saratani ya tezi dume iliyosambaa na kukataa tiba ya homoni, ikiwa wagonjwa wana hitilafu katika BRCA na jeni za jamaa yake. Chembe ya saratani imeshapoteza fundi mmoja wa kalafati. Dawa humzuia fundi wa pili, na chombo huzama chenyewe. Bei yake bado ni ya kuogofya.

Imebaki khofu moja ambayo ndiyo huzifunga midomo ya mama wengi, nayo ni posa. Mama huficha saratani ya dada yake ili mabinti wasikose waume. Twaielewa khofu hii, lakini kila mwanadamu, na anayeposa pia, amebeba nakala kadhaa mbovu za jeni fulani. Anayemkataa binti kwa jeni inayojulikana amemchagua mwingine kwa jeni isiyojulikana. Nakala moja mbovu si aibu ya mtu wala si ugonjwa, na wako waliozeeka nayo wakiwa salama. Panapohitajika hadhari ya kweli ni pale ndoa ya binamu inapokutanisha wabebaji wawili wa BRCA2 mbovu, kwa sababu mtoto akirithi nakala mbovu pande zote mbili huzaliwa na maradhi mazito ya damu yaitwayo anemia ya Fanconi. Hili ni adimu sana, na ni la kumwuliza daktari kabla ya nikahi, si la kuvunjia undugu.

Mwanamke akipimwa akakutwa na BRCA2 mbovu, habari hiyo si yake peke yake. Ikithibitika kuwa ilitoka kwa babake, basi watoto wote wa baba huyo wana uwezekano ule ule wa nusu kwa nusu, awe ni ndugu wa tumbo moja au aliyezaliwa na mke mwingine. Hapa ndipo habari hukwama, kwa kuwa nyumba mbili za mitala huenda hazijasalimiana tangu siku ya mirathi, na mwana wa nyumba ya pili, mwenye miaka 45 na kazi yake Muscat, hajui kwamba anapaswa kupimwa. Asiyeweza kuongea naye na amtume mtu anayesikizwa na nyumba zote mbili, awe ni shangazi au imamu wa mtaa, ampelekee mambo matatu tu: jina la jeni, nakala ya karatasi ya maabara ikipatikana, na umri ambao baba aliugua.